Nusu ya Mashariki

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote za safari, Nakwawi alimkabidhi mwanawe kwa mwanamke mwingine.

"Elboru, hapa Lomoru," alisema kwenye kipaza sauti. "Ndege inafika Mwamba Mweupe. Mzigo wa leo: kifua, kiasi. Tumbo, kidogo tu. Anaogopa mawingu ya kusini, na gurudumu la kushoto, maana jana lilikwaruza."

"Kifua kiasi, tumbo kidogo," sauti ya Talaso, mkwewe, ilirudia kutoka ng'ambo ya jangwa. "Mawingu ya kusini, gurudumu la kushoto. Ni hayo tu, Mama?"

"Ni hayo tu."

Nakwawi alifumba macho chini ya utepe uliombana paji la uso, akashusha pumzi, na hofu ya mwanawe Ewoi ikaanza kumtoka kifuani ikielekea mashariki. Ikatoka ile ya mawingu, ikatoka ile ya gurudumu. Ilipofika zamu ya ile ya mwisho, ile iliyokaa chini kabisa karibu na moyo, akabana pumzi na kuizuia. Ikatulia, ikabaki kwake.

"Nimempokea," akasema Talaso.

Neno lenyewe lilikuwa la kazi tu, liko kwenye kanuni, kila mchukuzi hulisema. Lakini Nakwawi alilisikia vile vile alivyolisikia siku ya harusi, na kila mara lilimchoma mahali pale pale.

Akavua utepe na kutazama saa ya ukutani.

"Usianze," akasema Losike, msoma upepo, bila kugeuka kutoka dirishani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja katika mnara wa Lomoru tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi, na alimjua mama huyu kama anavyojua kiganja chake.

"Nimesema nini mimi?"

"Hujasema. Unataka kusema."

"Basi nitasema. Kutoka hapa hadi Mwamba Mweupe ni kilomita mia mbili na hamsini. Kutoka Mwamba Mweupe hadi Elboru ni zile zile mia mbili na hamsini. Mwanangu kwangu anakaa dakika hamsini. Kwa yule anakaa saa moja na nusu. Nusu gani hiyo, Losike? Nani aliwahi kukata mkate hivyo akaita nusu?"

"Ni upepo, Mama Ewoi. Ukivuka ziwa unakutana nao uso kwa uso. Si unajua? Ni wewe uliyenifundisha."

Alijua. Alijua upepo unaopita kati ya milima kuliko watu wengi waliousomea, na alijua kwamba Ewoi anaporudi magharibi upepo huo huo humsukuma mgongoni, nusu ya Talaso ikapita kama mchezo. Lakini wivu hausomi hali ya hewa. Kila akiitazama saa ile alimwona kijana wake akijikokota juu ya jangwa la Chalbi makusudi, kama mtu anayepita mbele ya duka asilotaka kuliacha.

*

Zamani watu hawakuhitajiwa. Ndege zilijirusha zenyewe zikifuata setilaiti, na rubani alikaa mbele kama pambo. Kisha jua likaanza kurusha dhoruba zake, setilaiti zikapofuka, na ndege za kaskazini zikaanza kuanguka. Walipozirudisha angani walilazimika kuwarudisha marubani wa kweli, wanaoendesha kwa macho na kwa mikono. Lakini mikono ya mtu ina ugonjwa wake. Ukiingia katika upepo wa ziwa hutetemeka, na ikitetemeka wakati usiofaa watu wanakufa.

Ndipo ukatengenezwa utepe. Rubani anavaa mmoja, mtu aliye chini anavaa mwingine, na hofu ya aliye juu humshukia aliye chini. Anaibeba yeye, kama mpagazi anavyobeba gunia la mwenye duka, na rubani anabaki na akili timamu na mikono tulivu. Wabebaji hao wakaitwa wachukuzi.

Serikali ilijaribu kuajiri wachukuzi wenye vyeti. Hofu ikagoma. Mtu hamwachii hofu yake kila mpita njia. Humwachia yule tu anayemwamini bila kufikiri. Kwa hiyo minara ya kaskazini ilijaa mama, wake, kaka na mashangazi, na mawimbi ya mnara mmoja hayakufika zaidi ya nusu ya njia. Ewoi alikuwa na watu wawili tu duniani ambao hofu yake iliwakubali. Mmoja alikaa Lomoru, mwingine Elboru, na kati yao kulikuwa na Mwamba Mweupe, pale ukingo wa mashariki wa ziwa, ambapo mmoja alipaswa kumpa mwenzake.

Kanuni zilikuwa mbili, na hata wapishi wa kantini walizijua. Ya kwanza: anayekabidhi hutaja mzigo wote, anayepokea huurudia. Ya pili: ndege ikitua, mchukuzi humrudishia rubani hofu yake yote, rubani akiwa ameketi benchini na kikombe cha chai mkononi. Atatetemeka kidogo, labda atatapika, kisha atakuwa mzima. Hofu ni mali ya mwenyewe. Mtu asiyerudishiwa hofu yake ni sawa na mtu asiyesikia maumivu: atashika jiko la moto huku akicheka.

Mashine ilipima kilichopita kutoka mnara hadi mnara. Haikupima kilichobaki.

*

Hakuanza kwa ubaya. Hilo Nakwawi alijiambia mara nyingi, na kwa kiasi fulani lilikuwa kweli.

Ilikuwa miezi minne nyuma. Ewoi aliruka kutoka Lomoru akiwa na habari ya kliniki ambayo hakuwa ameisema kwa mtu, na utepe hausubiri mtu aseme. Hofu yake ilipomshukia mamake ilikuja na kitu kipya, kizito na chenye joto, na Nakwawi alihitaji muda kukitambua. Talaso alikuwa mjamzito. Ewoi alikuwa anaogopa damu, anaogopa usiku ambao gari la hospitali halitafika, anaogopa kurudi nyumbani akute watu wamekaa nje kimya. Alimwogopea mkewe kwa namna ambayo ilifanya hofu yote nyingine ionekane upuuzi.

Nakwawi alikuwa amebeba hofu ya mwanawe tangu akiwa rubani mwanafunzi. Aliijua yote: ya mawingu, ya injini, ya wakubwa, ya giza. Aliipekua kama mama anavyopekua mfuko wa nguo kabla ya kufua. Lakini hakuwahi kukuta kitu kama hiki, na alipokipekua akitafuta jina lake mwenyewe ndani yake, hakuliona.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na wa kuona uchungu wa mwana ukielekezwa kwa mwingine, huo nao una anayeujua.

Ndege ilipofika Mwamba Mweupe akataja mzigo, na kitu hicho hakukitaja. Alibana pumzi, kikabaki. Alifikiri ni mara moja tu. Aliporudi nyumbani alikaa nacho sebuleni na kukisikia kikipiga taratibu karibu na moyo wake, na kwa mara ya kwanza tangu harusi hakuhisi kwamba nyumba ni kubwa mno. Mwanawe alikuwa anapenda namna hiyo. Basi kama upendo huo haukuwa wake, angalau ulikaa kwake.

Hofu ya namna ile humea upya kila siku, na kila safari alikata kilichomea. Hapakuwa na aliyejua. Losike alitazama upepo, na Talaso alipokea alichopewa.

Mwezi wa pili Talaso alipiga simu ya mnara ndege ikiwa imeshatua.

"Mama, nikuulize kitu, usikasirike?"

"Uliza."

"Ewoi yuko sawa? Zamani akifika alikuwa ananiuliza kila kitu. Umekula nini, miguu imevimba, daktari amesemaje. Siku hizi anaingia, anacheka, analala. Juzi nimemwambia nina maumivu ya mgongo, akaniambia yataisha, akaenda kucheza mpira. Si mbaya. Lakini ni kama... sijui. Ni kama amenizoea haraka."

Nakwawi alikuwa na nafasi pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Wanaume ndivyo walivyo, binti yangu," alisema. "Mwanzo ni asali. Utazoea."

Akakata simu, akajikuta anatabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha kidogo. Lakini hakulifuta.

*

Ewoi mwenyewe alikuwa amenawiri. Alipolala Lomoru alikula kwa mamake, akasimulia safari zake huku mdomo umejaa ugali.

"Nimepita chini ya tao la ule mwamba wa kusini, Mama. Chini! Mbawa zilikuwa karibu kukwangua mawe. Abiria mmoja alipiga kelele mpaka akapoteza sauti."

"Chini ya mwamba? Kwa nini?"

"Ni njia fupi." Akacheka. "Watu wanaogopa bure."

Nakwawi akampakulia mboga zaidi. Kijana wake alikuwa mezani kwake, anacheka, hataji Elboru, hatazami simu. Ndicho alichokuwa amekitaka. Alijiambia tao lile ni pana, na kwamba Ewoi tangu utoto alikuwa na maneno makubwa. Lakini alipokwenda kulala alikisikia kile kitu kifuani kikipiga, na safari hii kilipiga kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wahenga hawakuwa na ndege, lakini walisema.

*

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ewoi aliruka na walimu wanne waliokuwa wanarudi shuleni Elboru, na Nakwawi alimbeba hadi Mwamba Mweupe, akamkabidhi na mzigo mdogo kuliko siku zote, maana hofu zake nyingine nazo zilikuwa zimenyauka pamoja na ile, akabana pumzi kama kawaida, akavua utepe. Losike alikuwa amemimina chai kikombeni na hakuinywa. Alikuwa amesimama dirishani na shingo imekaza.

"Elboru wametuma habari," alisema. "Kuna ukuta wa vumbi unatoka Chalbi. Mrefu kuliko mawingu. Upepo uliomo ndani ungeng'oa bati la shule."

"Atageuka."

"Angepaswa kugeuka dakika kumi zilizopita."

Simu ya mnara ililia. Nakwawi aliichukua kabla Losike hajanyoosha mkono.

"Mama!" Sauti ya Talaso haikuwa tulivu tena. "Mama, hageuki. Nimemwambia ageuke, ananicheka. Anasema ni vumbi tu, atapita katikati. Mwambie!"

"Siwezi kumfikia, yuko kwako. Mwambie wewe, ni mumeo."

"Nimemwambia! Mama, sikiliza. Nimevaa utepe, na sina kitu. Kifua hakuna. Tumbo hakuna. Mtu anaenda kwenye ukuta ule na hana hofu hata ya kujaza kijiko. Nashindwa hata kumrudishia ageuke, kwa sababu sina cha kumrudishia. Iko wapi? Alitoka kwako asubuhi. Iko wapi hofu yake?"

Losike aligeuka taratibu na kumtazama.

Nakwawi alifungua mdomo aseme sijui. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa pale kwenye ulimi. Na kama angelisema, ingekuwa ajali. Watu wangesema upepo wa ziwa, watu wangesema rubani mzembe, na yeye angebaki na kile kitu kifuani mpaka siku ya kufa kwake, kikipiga, hakuna wa kumnyang'anya. Wazo hilo lilimjia lote kwa mara moja, na lilipopita aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Iko kwangu," alisema.

Losike akasogea hatua moja.

"Ninayo. Ya miezi minne. Nilikuwa naikata kabla sijakukabidhi."

"Umeikata..." Talaso alivuta pumzi. "Mbona?"

"Kwa sababu ilikuwa yako."

Kwenye waya ulisikika mngurumo wa upepo wa Elboru ukigonga madirisha ya mnara wao. Kisha Talaso akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia kwa sababu hana muda, "Lete."

"Ni nzito, binti yangu. Na wewe una mimba. Daktari alisema mizigo myepesi tu."

"Lete, Mama! Vaa utepe, lete yote! Hivi unadhani nikimpoteza nitakuwa mwepesi?"

Nakwawi alivaa utepe, na hofu aliyokuwa nayo safari hii ilikuwa ya kwake mwenyewe. Losike alifungua waya wa ardhini unaounganisha minara. Kanuni ilitaka mzigo utajwe, na mchukuzi wa siku nyingi hata nyumba ikiungua hutaja mzigo kwanza.

"Elboru, hapa Lomoru. Mzigo wa ziada. Kifua, chote. Anaogopa damu yako. Anaogopa gari la hospitali lisifike. Anaogopa kurudi akute watu wamekaa nje. Anaogopa... anaogopa mtoto atafanana na wewe na wewe usiwepo wa kumtazama. Yote ni yako. Hakuna hata moja isiyo yako."

Hakusikia kama Talaso alirudia. Alishusha pumzi, na safari hii hakubana. Ilitoka. Ilitoka kama jino lililooza, kwa maumivu na kwa kishindo, ikapita ziwa na jangwa kwa waya, na mahali ilipokuwa imekaa kukabaki baridi tupu.

Upande wa pili Talaso alipiga kelele moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, kama anayezungumza na mtu aliye chumbani mwake, "Ewoi. Shika. Ni yako hii. Shika."

Losike alikuwa amesogeza masikio karibu na redio ya ndege, ambayo kutoka umbali ule ilileta vipande vipande tu. Walisikia mkwaruzo. Walisikia mwalimu mmoja akiomba Mungu. Kisha wakasikia sauti ya Ewoi, imekonda, haina kicheko hata kidogo.

"Elboru, nageuka. Nageuka sasa. Talaso? Talaso, uko sawa? Uko sawa wewe?"

*

Upepo uliokuwa adui yake ukamsukuma mgongoni. Nusu ya mashariki ilipita upesi kuliko siku yoyote, na ndege ikafika Mwamba Mweupe kabla Nakwawi hajamaliza kufuta uso.

"Lomoru, hapa Elboru," akasema Talaso. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mzigo wa leo."

Nakwawi alingoja. Mwanamke yule angeweza kumpa robo. Angeweza kubana pumzi yeye naye, akabaki na kilicho chake, na ni nani angemlaumu? Ingekuwa mimi, alifikiri, ningefanya hivyo.

"Kifua, chote. Tumbo, lote. Mikono pia. Anaogopa ukuta wa vumbi, anaogopa injini ya kulia imekula mchanga, anaogopa kwa ajili ya walimu. Ananiogopea mimi na mtoto. Yote nakupa, Mama, nimebakisha hewa tu. Na ikitua utamrudishia."

Nakwawi alirudia neno kwa neno. Akasema, "Nimempokea." Lilikuwa neno zito mdomoni.

Ewoi alitua kwa kuruka ruka, walimu wakashuka wakaibusu ardhi, na mmoja wao akakaa hapo hapo kwenye lami akakataa kusimama. Ewoi alikuja mwenyewe hadi benchi chini ya mnara, uso umejaa vumbi, utepe bado kichwani. Nakwawi alimshikisha kikombe cha chai, akaketi mbele yake na kumrudishia.

Alimrudishia polepole, kama inavyotakiwa. Kwanza injini, kisha vumbi, kisha walimu. Ewoi alitetemeka, chai ikamwagikia magotini. Kisha ile ya mwisho, na hiyo ilipomfika kijana alikunja uso kama mtu aliyefungua mlango wa chumba alichokisahau.

"Hii nyingine si ya leo," alisema. "Hii ni ya siku ile kliniki. Nakumbuka nikiwa nayo, halafu..." Alimtazama mamake. "Ilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Kwa muda gani?"

"Tangu siku ile."

Ewoi aliweka kikombe chini. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga kelele.

"Mgongo ulikuwa unamuuma," alisema. "Nikaenda kucheza mpira." Akajifunika uso kwa viganja, akalia, na Nakwawi hakuthubutu kumgusa. Alipomaliza alisema, "Nipe simu," na mamake akamletea simu ya mnara, waya wake ukiburutika ardhini, kisha akasogea hadi pembeni.

Lakini tepe zilikuwa bado vichwani mwao wote wawili, na kwa hiyo alihisi. Wakati Ewoi akizungumza na mkewe kwa lugha ya kwao Talaso, maneno ya upole, maneno ya kuomba, kuna kitu kidogo kilimshukia Nakwawi kifuani. Kilikuwa kipya. Hakikuwa cha vumbi wala cha injini wala cha damu. Alikipekua kama alivyozoea, akitafuta jina ndani yake, na safari hii jina lilikuwa lake.

Mwanawe alikuwa anamwogopa.

Kilikuwa kidogo kama punje, na hakuna aliyejua kwamba kipo. Ewoi mwenyewe labda hakujua. Angeweza kukiweka chini kabisa mahali pale palipobaki baridi, na Ewoi angekuja kesho kula mezani kwake kama zamani, bila kumkwepa macho. Ingekuwa huruma, karibu. Alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusimuliwa.

Kisha akalegeza pumzi na kukirudisha kwa mwenyewe. Ewoi akageuka katikati ya sentensi, akamtazama, na akasogea kidogo kwenye benchi, mbali naye.

*

Talaso alipiga simu jioni kabla ya kufunga mnara.

"Ningeweza kusema," alisema. "Unajua nikisema utaondolewa kitini."

"Sema. Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu. Halafu nani atamtoa huko magharibi? Watampa mgeni mwenye cheti, na hofu yake itagoma, na ataruka nayo yote mikononi. Ana watu wawili tu, Mama. Mmoja ni mimi. Natamani asingekuwa na mwingine, nakwambia ukweli wa Mungu."

"Hata mimi nilitamani hivyo," akasema Nakwawi.

Talaso alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kama utanipa yote, nitajua kesho pale Mwamba Mweupe," akasema, na akakata.

Kesho yake anga ilikuwa safi. Ewoi aliwasalimu wote mnarani, mamake pia, kwa adabu kama mgeni. Akaenda kwenye ndege, akavaa utepe, na kwa muda hakuna kilichoshuka. Losike alijifanya anasoma upepo. Nakwawi alikaa kitini na kifua kitupu na akaelewa kwamba kijana anaamua, na kwamba akiamua hapana, hiyo ndiyo itakuwa haki yake na mwisho wa mambo. Kisha hofu ikaanza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa vitu mfukoni mbele ya askari.

Alimbeba juu ya ziwa. Hakupekua. Hofu zilipojitambulisha zenyewe alizipokea, na ndege ilipofika Mwamba Mweupe alibonyeza kipaza sauti.

"Elboru, hapa Lomoru. Mzigo wa leo: kifua, kizito. Tumbo, kiasi. Anaogopa injini ya kulia ingawa imesafishwa. Anaogopa kukutazama usoni. Anakuogopea wewe na mtoto, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote."

"Injini ya kulia. Kunitazama usoni. Mimi na mtoto." Sauti ilikatika kidogo, ikarudi. "Ni hayo tu, Mama?"

Losike aliacha kujifanya anasoma upepo.

"Kuna nyingine," akasema Nakwawi. "Ndogo. Ananiogopa mimi."

Kwenye waya kilisikika kiti kikisogezwa.

"Anamwogopa mama yake," Talaso akarudia, kama kanuni inavyotaka.

"Ndiyo. Ni hayo tu."

"Nimempokea."

Nakwawi alishusha pumzi yote, akavua utepe na kuuweka mapajani. Upande wa mashariki upepo ulikuwa mkali kama kawaida yake, na nusu ile ilikuwa bado ndefu. Akakaa kuingoja iishe.